Kono Lisilo na Pini

Baiskeli za gia zilipoanza kuingia Ifakara, fundi baiskeli Egidius hakumwonea Elineema wivu wa wateja. Alimwonea wivu wa Tekla. Miaka yote mchuuzi huyo wa mchele alitengenezewa baiskeli yake ya Phoenix na Egidius, akikaa kwenye benchi lake na kucheka. Sasa alikuwa na baiskeli ya gia, na fundi Elineema, kijana aliyetoka kwenye mashamba ya miwa, alifanya kazi ng'ambo ya barabara.

"Kono la pedeli linacheza, kaka," Tekla alimwambia Egidius siku moja, akimsogezea baiskeli mpya. "Nimpelekee Elineema? Ana kifaa cha kulitoa."

"Kifaa! Kwani mimi hapa nauza maandazi?"

Kono la Phoenix hushikwa na pini; ukiigonga, inatoka. Hili halikuwa na pini. Egidius alijua inabidi aazime kile kifaa. Akatazama ng'ambo, akamwona Elineema akimpungia Tekla mkono. Akainua nyundo.

Kono likapasuka.

Tekla akaikokota baiskeli hadi ng'ambo.

"Dada, nani kaigonga hivi?"

"Nimeanguka nayo."

Egidius alisikia. Afadhali Tekla angemtukana. Elineema akapangusa benchi lake kwa kitambaa, na Tekla akaketi.