Kumpaka Baba Uso

"Hawe, baba yako alikuwa mweusi wa namna gani?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, hapa Muyeye, na mbele yake sanamu ndogo ya askari imegandishwa juu ya kifuniko cha chupa. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, ndivyo anavyoniita tangu ajue kusema. Nikamjibu kwamba baba alikuwa mweusi kama watu. Akacheka, akasema weusi wa watu haumo kwenye tyubu zake. Humo mna nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, buluu na nyeupe, na weusi ni yeye wa kuupika.

Binti huyu anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Malindi, na siku zake za mapumziko hupaka rangi askari wa zamani. Si mwili mzima. Ni kichwa, shingo na mabega basi, mtu anakatikia hapo penye mfuko wa shati. Wanakuja wa kijivu kama saruji, hawana rangi ya macho wala umri, yeye ndiye anayewapa. Nimemwona akipaka Mturuki mwenye masharubu, na Mjerumani mmoja ambaye nilikataa asiwekwe chumba ninacholala. Jirani yangu wa kanisani alipowaona wamepangwa kwenye rafu aliniuliza kama tumerudia kuwasimamishia wafu koma za mbao kama mababu zetu, tena safari hii wafu wa Kizungu. Nikamwambia awe na amani, hawa hawadai kumwagiwa tembo la mnazi.

Lakini huyu wa sasa alikuwa wetu. Askari mweusi wa vita vile vya Mwingereza na Mjapani, na kofia yake ya ukingo mpana iliyokunjwa upande mmoja. Baba yangu alikwenda vita hivyo, akafika Bama, akarudi. Picha yake hatuna hata moja.

Aliyemtaka ni dada yangu anayekaa Tezo. Tulizaliwa wengi, tumebaki wawili. Majina ya waliotangulia ninayo yote kwa mpangilio, na ya waume zao na watoto wao, ila hapa sitamtaja mtu, aliye hai wala aliyelala. Dada ana presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba uoni uliokwisha kuondoka haurudi, na uliobaki nao unaondoka polepole. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukimkaribia anaipata pua yako, akitafuta macho, pua imempotea.

Siku mjukuu wangu alipomtembelea alimwekea mkononi yule Mturuki, amchezee tu. Dada akamshika kwa mkono ulionyooka, akamtafuta. Kisha akasema uso wote umeenea ndani ya tundu lake. Tangu macho yaanze kumsaliti hakuwa ameuona uso mzima wa mtu yeyote, hata wa mwanawe. Ndipo akasema maneno ambayo binti alikuja kunisimulia huku anafuta machozi: "Nipakie baba yangu. Nimwone kabla mlango haujafungwa."

Hapo tukaanza. Ingefaa dada aulizwe mwenyewe sura ilivyokuwa, lakini wiki zile kifua kilimbana na alikuwa amelazwa. Mimi nilikuwa karibu, na kwetu mimi ndiye nisiyesahau. Basi nikaulizwa mimi.

Kwanza binti alipaka rangi ya maji, kahawia tupu, ikakauka siku ileile. Juu yake ndipo yakaja mafuta. Alinieleza kwamba uzuri wa rangi ya mafuta ni kwamba haina haraka, unaweza kubadili mawazo kesho na bado ikakusikiliza. Kwa unyevu wa masika ile haikuwa na haraka kabisa ya kukauka. Askari alilala ndani ya debe lenye balbu inayowaka, na asubuhi ukimgusa kofia kidole kinarudi na kofia.

Mimi nilikaa kando na kusema. Nilisema macho yawe ya manjano kidogo, kwa sababu ya homa aliyorudi nayo. Mashavu yaingie ndani. Chini ya macho pawe peusi kuliko pengine, na midomo iwe imeungua kwa tumbaku. Binti alichovya ncha ya brashi, akaweka giza mahali pake, halafu akachukua brashi nyingine kavu na kupapasa, papa papa, mpaka usijue giza limeanzia wapi. Nilimwambia baba hakuwa mkali. Alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Ukimpelekea maji alipokea kata bila kutazama ni mtoto gani amemletea, akanywa, akarudi kutazama ukuta wa jikoni.

Jicho la pili lilipokwisha nilishtuka. Nikasema, ndiye.

Dada aliporuhusiwa kurudi nyumbani tukampelekea askari kabla hajakauka, maana hatukujua macho yatatungoja mpaka lini. Binti alimbandika kwa nta ndani ya hotipoti asiingiwe na vumbi. Tulipofika Tezo mkaza mwana wa dada akaipokea kwa mikono miwili na kusema kumbe Malindi bado kuna watu wenye adabu, wanakuja na chapati. Alipofunua akakuta mtu anamtazama.

Dada alikuwa barazani, upande wenye mwanga. Akamshika askari chini kwenye kifuniko, akanyoosha mkono, akaanza kumtafuta kwenye tundu lake. Akamsogeza, akamrudisha.

"Huyu simjui," akasema.

Nikamwambia atazame vizuri, huyo ni baba.

"Mdogo wangu, nimepofuka macho, sijapofuka akili. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Huyu mmemtoa wapi, mochari?"

"Ndiye aliyenilea huyo."

"Basi umelelewa na mgeni."

Mkaza mwana akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria mekoni. Mimi nilikasirika, nisiseme uongo. Lakini dada hakuwa ananichokoza tena. Alikuwa amemshusha askari mapajani, na akaanza kusimulia jambo ambalo miaka yote hatukuwahi kulizungumza. Baba alipokwenda vitani yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mabegani. Alibebwa hivyo mpaka kwenye minazi, baba akipanda kugema anamtupia maneno kutoka juu, na baba mwenyewe alikuwa akianza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Kisha siku moja akaingia uani mtu mwembamba mwenye macho ya manjano, wakamwambia mpokee baba yako. Akakimbilia nyuma ya jiko. Hawakumpata mpaka giza. Mwaka huohuo shangazi akamchukua kumlea, na akaolewa kutoka kwa shangazi.

"Kila nilipokuja niliamkia miguu yake," dada akasema. "Uso wa yule sikuutazama hata mara moja."

Mimi nilizaliwa baada ya Bama. Yule wa minazini sikuwahi kukutana naye. Nilikaa pale, mwanamke mwenye vitukuu, namwonea dada yangu wivu wa kubebwa mabegani.

Binti akanivuta pembeni. Rangi ya uso ilikuwa bado mbichi, akasema, inafutika, na kahawia ya chini itabaki salama kwa kuwa ile ni ya maji. Sanamu nyingine hapati, aliyezitengeneza ameacha. Kama ni kumbadili ni huyuhuyu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawe, wewe ndiye wa kusema. Huyu nimempaka kwa maneno yako."

Ilikuwa picha ya kwanza ya baba yangu kuwahi kuwepo duniani. Nikamtazama dada, amekaa na mikono mapajani, kichwa amekigeuza kutusikiliza, na kwenye kile kitundu chake sijui alikuwa anaona nini, labda kipande cha ukuta.

"Mfute," nikasema.

Alitumia kitambaa na tapentaini, maana mkoba wa rangi zake alikuja nao. Macho yalitoka mwanzo, halafu ule weusi wa chini yake niliokuwa nimeusimamia wiki nzima. Kitambaa kikabaki na doa ambalo hakuna ambaye angejua kwamba lilikuwa mtu.

Kisha dada akashika uongozi. Mashavu yajae. Ngozi ing'ae kama imetoka kupakwa mafuta ya nazi, na chini ya weusi pawe na wekundu, maana baba alikuwa mtu wa damu ya moto. Binti akasema mdomo umechongwa umefungwa, hana namna ya kuufungua.

"Usiufungue. Alikuwa anaubana, kama mtoto aliyekula sukari ya wenyewe. Kicheko kiko machoni."

Binti akainua kope za chini kwa mwanga kidogo sana, akatia kivuli kwenye pembe za midomo. Dada akaomba kumshika, akamtafuta, akamrudisha. Bado ana njaa huyo, mpe shavu. Akampokea tena. Sasa umemzidishia, amekuwa chifu. Tulikula chakula cha mchana tukaendelea, na vidole vya dada vyote vilikuwa vimeshika rangi ya baba.

Jioni ilipokaribia akamshika akakaa naye, na safari hii hakumsogeza. Nikaona mdomo wake mwenyewe unajibana.

"Ametoka kugema," akasema. "Ana habari, hataki kuanza yeye."

Alipotosheka alinyoosha mkono upande wangu, akisema na wewe mwone. Nikampokea. Alikuwa kijana, mdogo kuliko huyo binti aliyempaka, mashavu yamejaa, na macho meupe safi yananitazama mimi moja kwa moja. Kata zote za maji nilizompelekea sikuwahi kutazamwa hivyo.

Nikamwambia shikamoo. Dada akaitikia kwa niaba yake, marahaba, kisha akanionya nisimguse shavu, nitamharibu.