Mama Aliyefutwa Kaburini

"Hata konzi moja ya udongo, Gloriose! Konzi moja ulimunyima ndugu yangu?"

Ndivyo Jolie, wifi yake, alivyomsalimu kwa simu kutoka Bujumbura, sauti ikisikika hadi kwa wateja. Gloriose alikuwa amekaa nyuma ya mchele wake wa Luberizi katika soko la Mulongwe, kitambaa cha kilio bado kichwani. Alidhani hakusikia vizuri.

"Konzi gani, Jolie?"

"Usijifanye mujinga. Video ya maziko iko ku grupu ya familia. Tumeiangalia mwanzo mupaka mwisho. Bantu bote bako pale, hata majirani. Weye hauko! Na nimeshaandika vile ku grupu. Miaka yote ulikula kwa mukono wa Onesphore, siku ya kumuzika unakosa miguu?"

Simu ikakatwa.

Sasa mtu atauliza: mwanamke huyu hakwenda kumzika mume wake? Alikwenda. Alitoka Uvira nyuma ya gari la jeneza hadi Luberizi, akasimama ukingoni mwa kaburi, akainama, akarusha udongo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika ukoo ule mjane ndiye huanza. Mikono ile iliyorusha udongo ndiyo iliyomwosha Onesphore alipokuwa hawezi tena kujigeuza kitandani, wakati ndugu zake walikuwa wakipita mlangoni na kusema wana haraka. Na kabla kilio hakijapoa, ndugu hao hao walimtoa nyumbani kwa neno moja: hakuzaa. Wakamtoa na katika grupu ya familia. Lile la nyumba Gloriose alilimeza. Hili la udongo lilimkwama kooni.

Aliacha mchele kwa mwenzake akaenda kwa Chadia, rafiki yake mwenye kibanda karibu na soko. Chadia aliweka nyimbo katika simu za watu, na alifanya montaje, yaani kukata na kuunga picha za harusi na sherehe hadi zikawa filamu. Aliomba video ile kwa mtu mmoja wa ukoo, wakaitazama pamoja.

Jeneza linashuka. Mchungaji anafunga Biblia. Mashemeji wamejipanga na suti zao. Kisha udongo mwekundu unatokea hewani, hakuna mkono, unaanguka kaburini wenyewe. Pale alipokuwa amesimama Gloriose pameota majani.

"Wamenipangusa," Gloriose alisema. "Sawa vile bantu banapangusa meza."

Chadia alirudisha picha nyuma, akaitazama tena, akafunga simu.

Jina la studio lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa filamu: kazi hiyo ilifanywa na Vainqueur, kijana mwenye studio upande wa barabara kubwa. Walimkuta na vile vidude vya kusikilizia shingoni.

"Mama, minye ni fundi tu," alisema bila kusimama. "Muntu analeta kitambaa, anasema kata hapa, ninakata."

"Minye ni kitambaa?"

"Thierry njo alileta kazi. Alisema huyu mama ametoka mu familia, asionekane."

Thierry alikuwa mdogo wake Onesphore. Gloriose alisogelea kompyuta.

"Basi nionyeshe zile picha zenye haujakata."

"Nimeisha kuzifuta. Mwenye kazi akipokea filme, tunafuta zile za mwanzo, mashini isijae. Kila studio inafanya vile." Kisha, pengine alitaka kumtuliza, akaongeza: "Lakini kazi iko safi, mama. Hata ba Bukavu balinisifu."

"Ba Bukavu gani?"

Vainqueur akarudisha vidude vyake masikioni. Chadia akatazama viatu vyake.

Walipotoka nje, Gloriose alimshika Chadia mkono. "Weye unajua kitu. Sema."

Chadia alitoa simu. Kulikuwa na grupu, alisema, ya watu wa montaje, kutoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, hata Kigoma. Humo walipeana muziki wa kuweka katika filamu bila kushitakiwa, masomo ya kurekebisha rangi na sauti, na jibu kwa kila aliyekwama. "Minye sikusoma montaje kokote," Chadia alisema. "Grupu hii njo ilinifundisha kazi. Bantu bake ni bazuri, Gloriose."

"Nionyeshe huo uzuri wabo."

Gloriose hakwenda shule, kwa hiyo Chadia alimsomea. Vainqueur alikuwa ameandika: *Wakubwa, namna gani ninaweza kuondoa huyu mama? Anaharibu picha.* Chini yake kulikuwa na kipande cha video, kibichi kama kamera ilivyokichukua. Kisha yakaja majibu, marefu kama mstari wa watu wanaongoja maji. Mmoja alieleza kwa sauti jinsi ya kuchukua majani ya pembeni na kumfunika nayo. Mwingine alimwondoa akaweka mbuzi. Wa tatu aliweka mgomba. Watu walicheka, wakasema zoezi ni zuri, wakaomba lingine.

Si kusoma peke yake kunakoonyesha mambo. Chini ya yule mbuzi kulikuwa na vidole gumba vimeinuliwa, na kando ya kidole kimoja picha ndogo ya mwanamke mwenye kilemba cha kijani. Gloriose alikijua kilemba hicho. Alikuwepo siku kiliponunuliwa.

"Chadia. Na weye?"

"Sikukutambua! Wallahi sikukutambua. Picha ni kidogo, niliona kazi imefanywa vizuri, nikapita."

"Ulipita! Mama analia kwa kaburi, munamugeuza mbuzi, weye unapita!"

Chadia alianza kulia. Gloriose hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu mwingine. "Lia kesho. Sasa chukua ile picha ya kwanza, uiweke mu simu yako."

Chadia akabonyeza. Kipande kikazunguka kidogo, kikatoweka. Vainqueur, ndani ya studio yake, alikuwa amekiondoa.

Gloriose alimnyang'anya Chadia simu. "Wapi pa kusemea?" Chadia akamwonyesha.

"Minye njo ule mama anaharibu picha," alisema. "Jina langu Gloriose. Ule mu jeneza ni bwana yangu. Kila mumoja wenu alijua kunifuta, hakuna hata mumoja aliuliza: huyu ni nani, juu ya nini analia? Munajiita mafundi! Leo familia inasema sikumuzika bwana yangu, na ushahidi ni kazi yenu. Nani iko na ile picha ya kwanza? Kama munajua kuondoa muntu, mujue na kumurudisha."

Msimamizi wa grupu ndiye aliyejibu kwanza, kwa maandishi: hapa ni mahali pa kazi, kesi za familia zipelekwe kwa familia. Wengine wakaunga mkono. Mmoja alituma kicheko. Ndivyo walivyo, wenye mikono safi!

Kisha ikaja sauti ya mwanamke. "Mama, naitwa Noella, niko Bukavu. Ule mugomba, minye njo niliuweka. Sikuuliza. Picha ya kwanza iko kwangu, ninakutumia." Msimamizi akamtoa Noella katika grupu, kisha akamtoa na Chadia. Lakini kipande kilikuwa kimefika.

Kamera inatikisika. Gloriose yuko ukingoni, anayumba. Mwanaume mmoja anamshika kiwiko asianguke, na sauti yake inasikika vizuri kabisa: "Tupa, shemeji. Weye njo wa kwanza."

Ni Thierry.

Gloriose alikaa chini pale pale kando ya barabara. Mtu yule alimshika kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kulipia apanguswe!

Vainqueur alitoka mlangoni, sura imembadilika. "Mama, ninaweza kukurudisha mu filme. Bure. Niweke na muziki muzuri."

"Usiniguse."

Kipande kilikwenda kwa Jolie kama kilivyo. Hazikupita dakika nyingi simu ikalia. Jolie alikuwa anapenga kamasi. "Wifi yangu, unisamehe. Thierry alituambia ulikataa kuja. Lakini tuache iishe kati yetu babili, tusitie familia haya."

"Weye ulinitukania wapi, Jolie? Wateja bangu banasikia. Na ku grupu bote balisoma maneno yako juu yangu. Basi video hii uiweke pale pale, useme kwa sauti yako. Kama hauwezi, usiniite wifi."

Jolie akaiweka katika grupu, akasema kwa sauti yake.

Jioni ile Thierry alipiga simu. "Shemeji, mambo ya ndani umeyatoa inje? Ungekuja ku nyumba tuongee."

"Ku nyumba gani? Ile yenye ulinifukuza?"

Gloriose aliendelea:

"Ongea ku grupu, Thierry, na mudomo ule ule wenye uliniambia tupa. Bote bako pale, banakungoja."

Thierry hajasema neno hadi leo. Filamu ya Vainqueur, Thierry ameiondoa mwenyewe katika grupu. Ile nyingine bado ipo, ambayo kamera inatikisika, na Gloriose analia mdomo wazi, udongo ukitoka mkononi mwake.