Mwene Tuliyemlea kwa Masinia ya Maharage

Enzi zetu pale mtaani Mazwi, shujaa alikuwa mmoja na sisi tulikuwa tisa. Siku hizi kila mtoto ana shujaa wake, yumo mfukoni pamoja na chaja. Sisi tulimlea mmoja kwa zamu, kama mbuzi wa ukoo, na kila aliyepewa zamu alimlisha alichotaka yeye.

Aliishi ndani ya runinga yenye kisogo kikubwa, katika chumba cha nyuma cha duka la Bi. Zuhura. Bi. Zuhura aliuza maharage kwa debe na kwa gunia. Kaka yake, dereva wa lori la Tunduma, ndiye aliyemletea mashine ya gemu na diski moja tu. Chumba kilinuka vumbi la maharage na migebuka, samaki wakavu waliopanda kutoka ziwani Kasanga. Mvua ikigonga bati tuliongea kwa kupiga kelele, ingawa hata jua likiwaka tuliongea vilevile.

Fedha hatukutoa. Sinia moja la maharage yaliyochambuliwa, yasiyo na jiwe wala punje iliyooza, ndilo lilikuwa zamu moja, na zamu ilidumu hadi ufe ndani ya gemu.

"Ukifa, unapisha," alisema Bi. Zuhura, akipitisha kiganja juu ya sinia kama anayepapasa kichwa cha mtoto. "Na hili jiwe umemwekea nani? Rudia."

Mama yangu hakulielewa jambo hili hata kidogo. "Yaani maharage ya watu unachambua, ya kwangu tunatafuna mawe? Na hao mnaowaua huko, wanalika?"

Hawakulika, na kuua kwenyewe kulikuwa kwa shida. Gemu lile lilikuwa na roho mbaya. Hatua ya kwanza tu ukitoka kwenye pango, mbwa mwitu alikurarua. Ukimshinda mbwa, mzee mwenye upinde alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, nasi Kiingereza chetu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Shujaa tulimwita Mwene, jina la watemi wa Wafipa. Aliyelichagua ni Desideri, jirani yangu, mvulana mwembamba mwenye sweta la kijani lililomvaa yeye badala ya yeye kulivaa.

Mwene alipoua maadui wa kutosha alipata pointi moja, na mwenye pedi ya kuchezea mkononi ndiye aliyechagua pa kuiweka: nguvu, wepesi, uchawi au uhai. Hapo ndipo tulipoharibu. Pointi ya nguvu ingewafaa wote, lakini pointi ya uhai ilikufaa wewe, sasa hivi, kwa sababu ilirefusha zamu yako na kukuepusha na sinia jingine. Basi kila mtu aliahidi nguvu kwa mdomo na kuweka uhai kwa kidole. Tukamvika na deraya, vazi la chuma la vitani, nzito kuliko zote. Kufikia Krismasi mstari wake mwekundu wa uhai ulikaribia kuvuka runinga, lakini alikimbia kama mtu aliyebeba gunia kupanda mlima wa Pito, na upanga wake haukukata hata siagi.

Nasi tukafika kwa Bwana Nyundo. Hilo jina tulimpa sisi. Lilikuwa jitu lililolinda lango la chuma, na nyundo yake ilikuwa kubwa kama mlango wa duka. Pambano moja lilichukua karibu saa nzima. Alitupiga, hatukufa. Tulimpiga, hakujua.

"Mwene hampigi," alisema Skolastika, tuliyemwita Skola, msichana aliyeongoza darasa letu. "Anampangusa vumbi."

Mwishowe Mwene alikufa, kwa uchovu nadhani, na mwingine akashika pedi kwa saa nyingine. Tungeendelea hivyo hadi leo, kama si Desideri kuja Jumatano moja ya Januari akiwa amenyolewa kipara. Alikuwa amechaguliwa kwenda seminari. Angeondoka Jumamosi asubuhi. Na Bi. Zuhura alikwishatuambia kwamba kaka yake anakuja kuichukua mashine yake kabla ya Pasaka.

"Hongera, mshikaji," alisema Kizito, mnene wetu, mchambuaji mvivu kuliko wote.

"Asante," alisema Desideri, akitazama runinga. "Lakini nyuma ya lile lango kuna nini? Nitakaa huko miaka yote nikijiuliza?"

Hakulia. Angelia tungemcheka, na mambo yangekwisha.

Siku ya pili Skola alikuja na kamusi ya kaka yake ndani ya kaptula ya michezo, chini ya sketi, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Karibu na pango palikuwa na kisima tulichokipita kila siku. Alisoma maandishi yake neno kwa neno, kidole kwenye kamusi. Kisima kile kilifuta pointi zote na kukurudishia uziweke upya. Mara moja tu, basi.

Bunge likakaa juu ya magunia.

"Tuziweke zote kwenye nguvu na wepesi," alisema Skola. "Na deraya tumvue."

"Atabaki na kaptula!" alisema Kizito. "Pigo moja, amekufa. Mimi nitachambua maharage mpaka kucha zing'oke."

"Kizito, tangu Desemba tunaishi sana. Tumemuua nani?"

Pedi ilikuwa mikononi mwangu, nami nilijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua: katika zile pointi za uhai, kumi na moja nilikuwa nimeziweka mimi. Nilimtazama Desideri. Alikuwa anachuna uzi kwenye sweta lake. Nikambonyeza Mwene ndani ya kisima. Mstari mwekundu ukanywea hadi ukawa mfupi kama kidole gumba, na Kizito akashika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa tulianza mara tu baada ya sala ya adhuhuri. Mwene akasimama mbele ya Bwana Nyundo na kaptula yake, na nyundo ikashuka mara moja. Wa kwanza akapisha. Wa pili akapisha kabla wa kwanza hajakaa. Mimi nilidumu kwa muda wa kupiga chafya. Tulichambua huku tukitazama, na tulikufa mara nyingi hivi kwamba gunia zima liliisha na Bi. Zuhura akafungua la pili, uso umemng'aa. "Kufeni, wanangu. Kufeni tu."

Lakini vifo vifupi vilitufundisha kilichofichwa na uhai mrefu. Kabla ya kupiga kwa kuzungusha, Bwana Nyundo aliinua bega la kushoto. Kabla ya kushindilia, alirudisha mguu nyuma. Tulikuwa tumepigwa mwezi mzima bila kuliona bega lile, kwa sababu halikutuuma.

"Bega!" tulipiga kelele kwa pamoja. "Bingirika! Sasa mpige!"

Desideri alimfikisha Bwana Nyundo nusu ya uhai wake, akafa. Tukamwambia aendelee, leo ni siku yake. Akakataa, akampisha Kizito na kwenda kuchambua sinia lake. Jua lilikuwa limeshuka, zamu ikamfikia Skola. Bega, akabingirika. Mguu, akaruka pembeni. Akapiga, akapiga tena, na lile jitu likapiga magoti taratibu kama ng'ombe anayelala. Nyundo ikaanguka. Lango likafunguka.

Kelele zetu zilimtoa Bi. Zuhura dukani, kibaba mkononi.

Skola hakuwa amekufa. Kwa sheria, pedi ilikuwa yake. Akainuka, akaiweka kwenye mapaja ya Desideri. "Ingia wewe."

Nyuma ya lango hapakuwa na adui. Palikuwa na nyasi ndefu zinazolala kwa upepo, na njia. Desideri alimtembeza Mwene polepole, bila kukimbia, na hakuna aliyemharakisha.

"Kumbe," alisema, na hilo tu ndilo alilosema, hadi adhana ya magharibi ikaita na Bi. Zuhura akazima mashine.

Sasa nina mashine yangu sebuleni. Gloria, binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na mbili na shujaa aliyempanga kwa kufuata maelekezo ya mtandao: nguvu ngapi, wepesi ngapi, upanga upi. Asipompenda, anampanga upya kabla chai haijapoa. Juzi nilimkuta anapambana na jitu lenye vichwa viwili, masikio yamezibwa na spika. Akaliangusha kwa ufundi ambao Mazwi nzima haikuwahi kuwa nao. Hakupiga kelele, hata kutabasamu hakutabasamu. Alifungua menyu, akaweka pointi yake, akaendelea.

Nikashindwa kujizuia. Nikapiga kelele ya watu tisa, mwiko mkononi, hadi jirani akagonga ukuta.

Gloria akatoa spika moja sikioni. "Shangazi, kuna nini?"

"Umemuua!"

"Eeh," akasema, akinitazama kwa huruma. "Kwani ulitaka zamu?"