Kazi ya Jokébed, Jina la CT Onésime

Jokébed alizaliwa na kinyaa, na jambo hilo halikuwafaa sana watu wa nyumbani kwao. Mama yake, mama Orpa wa Bungulu, huuza kabichi katika soko la Beni. Kabichi hizo hulimwa mbali, kule juu milimani Kipese. Zinashuka kwa lori la Fuso mpaka Butembo, zinahamishiwa gari jingine, kisha zinakuja Beni. Barabara ikiwa salama zinafika ngumu na baridi, utadhani zimekatwa asubuhi ile ile. Barabara ikifungwa, magari yanalala njiani yakingoja wanajeshi wa kuyasindikiza, na kinachoshushwa sokoni hakistahili tena kuitwa kabichi. Ni uji wa kijani wenye inzi. Kama hujawahi kunusa gunia la kabichi zilizooza katika jua la Beni, nakuombea usije ukanusa.

Watoto wote wa mama Orpa walijifunza kubandua majani mabovu kwa vidole na kuokoa kilichobaki ndani. Jokébed naye alibandua, ila pua aliifunga kwa kipande cha kitenge, akaenda kutapika nyuma ya kibanda, akarudi kubandua tena.

"Ule mutoto, nani atamuoa?" mama Orpa alikuwa akiwaambia wauzaji wenzake. "Kila kitu inamunukia!"

Walicheka. Lakini Jokébed hakuchukia kazi, alichukia uozo, na kadiri alivyokua ndivyo alivyotaka kujua unaanzia wapi. Akaona kwamba hauanzii sokoni, wala kwenye gari. Unaanzia Kipese, siku mkulima anapokata shamba zima bila kujua kwamba kesho barabara itafungwa. Basi alipomaliza licence yake ya informatique, yaani shahada ya kwanza ya kompyuta, akaenda Butembo kusoma master, katika chuo kimoja ambacho jina lake naliacha, maana wengine wanaofundisha pale ni watu safi. Masomo makubwa yalikuwa mawili: uchimbaji wa data na usanifu wa programu za kompyuta.

Habari ya uchimbaji ilipofika kanisani kwao Bungulu ilizua shangwe. Shemasi mmoja alimvuta pembeni baada ya ibada.

"Jokébed, hiyo data munachimbaka, iko fasi gani? Kwa njia ya Mangurejipa, kwenye banachimbaka dhahabu?"

"Hapana, papa. Iko mu machine."

"Ah!" alisema shemasi, akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyedanganywa na wachuuzi wa dhahabu.

Lakini alichimba kweli. Kwa mwaka na zaidi, kila alipopata nafasi, alikuwa kwenye parking ya Beni magari yanapoingia, akiwauliza madereva maswali yale yale mpaka wakamchoka. Mlipakia lini? Mlilala wapi? Mvua iliwakuta wapi? Nini kimeoza? Majibu yote aliyaingiza kwenye kompyuta, na kompyuta, ikilishwa vizuri, huona mambo yanayofuatana ambayo jicho la mtu haliyaoni. Iliona kwamba mvua ikinyesha Maboya na msafara wa wanajeshi ukichelewa kutoka, basi mizigo ya kesho yake huoza karibu yote. Iliona na mengine. Juu ya hayo Jokébed akasanifu programu ndogo inayotuma ujumbe kwenye simu za wakulima wa Kipese, zile simu za vitufe, neno moja tu: "Mukate", ama "Musikate".

Haikupatia kila siku, kompyuta si nabii. Lakini mama Orpa alianza kupokea magunia ambayo alishasahau yalivyo, na ule uji wa kijani ukapungua. Kilichobaki ni kuandika mémoire, ile tasnifu ya mwisho, kuitetea mbele ya jury ya walimu, na kupewa diplôme ambayo ingemfungulia mlango wa kuajiriwa na kuipeleka programu yake mbali zaidi ya Kipese. Na ili aitetee, alihitaji saini ya mkurugenzi wake wa kazi, yaani mwalimu anayemsimamia, chef de travaux Onésime.

Huyu bwana wote humwita CT, kwa herufi za cheo chake, kilicho chini ya uprofesa. Nianze na kidole chake gumba, maana Jokébed naye alianza nacho. CT Onésime hakuweza kufunua ukurasa wa mtu bila kukilamba kwanza. Alikilamba, akafunua, akakilamba tena, na akikurudishia karatasi zako zilikuwa na unyevu pembeni. Somo la usanifu alilifundisha kwa kuonyesha ukutani kurasa alizozipakua mahali, na chini ya kila ukurasa lilibaki jina la mwalimu wa chuo cha nchi nyingine, ambalo CT hakujisumbua hata kulifuta. Wanafunzi waliona. Yeye aliona kwamba wameona. Akaendelea kusoma kwa sauti nzito. Mtu mzima, mwenye tai!

Jokébed alimpelekea mémoire yake yote katika kifaa kidogo cha USB. CT aliipokea kwa heshima.

"Niachie, nisome muzuri. Kazi ya mutu haisomwe mbio."

Akasoma muzuri, basi. Miezi ikapita. Kila Jokébed alipobisha mlangoni alijibiwa kwamba yuko katikati. Mwishowe saini ikatoka, bila alama hata moja ya kalamu ndani ya kurasa, na siku ya utetezi ikapangwa.

Siku hiyo Jokébed alivaa tailleur, suti ya kike, ya kuazima kwa dada yake. Ukumbi ulikuwa na wanafunzi wengi, maana watu wa Butembo wanapenda utetezi karibu sawa na wanavyopenda harusi. Rais wa jury, Profesa Maliro, alikaa katikati, CT kushotoni mwake. Kabla Jokébed hajafungua mdomo, profesa aliinua jarida la chuo, lile lenye jalada la buluu.

"Mademoiselle, mbele ya kuanza, kuko problème. Hii kazi yako ilishatoka mu revue yetu. Auteur ni CT Onésime. Ma chiffres ni ile ile, programme ni ile ile. Wewe unabadilisha tu fasi: yeye anasema Butembo, wewe unasema Beni. Unaiba kazi ya directeur yako, halafu unamuletea yeye mwenyewe? Banafukuzaka mutu juu ya ile."

Jokébed alimgeukia CT, akiamini kwamba sasa atasema, kwamba kuna kosa la jina, kwamba mambo yatanyooka. CT aliinamisha kichwa kama baba aliyeaibishwa na mtoto mbele ya wageni.

"Prof, mumusamehe," alisema polepole. "Iko mutoto bado. Hata mimi, nilishangaa."

Kama angenyamaza tu, labda Jokébed angelia. Lakini ile huruma, ile sauti tamu ya kumwombea msamaha kwa mali yake mwenyewe, ilimpandisha kichefuchefu cha kweli, cha tumboni. Hakutaka kutapika mbele ya mtu huyu.

"Prof, naomba ile revue," alisema.

Akapewa. Akasoma. Kila kitu kilikuwa chake: hesabu zake, michoro yake, hata neno moja la Kifaransa ambalo yeye hulikosea siku zote lilikuwa pale, limekosewa vile vile. Macho yake yakafika ukurasa wa thelathini na moja, yakasimama. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akasoma kwa sauti. Makala ilikuwa ya Kifaransa. Mimi naitafsiri tu, siongezi kitu:

"Barabara ya kutoka Butembo hadi Butembo ina urefu wa kilomita hamsini na nne."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Jokébed akaendelea, sauti yake ikianza kupata nguvu.

"Magari yanayotoka Butembo asubuhi hufika Butembo mchana, ikiwa barabara ni salama. Kabichi zinazooza zaidi ni zile zinazolala Maboya, katikati ya Butembo na Butembo. Wauzaji wa Butembo hulalamika kwamba watu wa Butembo hawawapi habari mapema."

Hapo ukumbi ulipasuka. Watu walishikana mabega. Mmoja wa walimu wa jury alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi: CT alitaka kuficha nyayo, akaiamuru kompyuta ibadilishe kila Beni kuwa Butembo, kwa kubonyeza mara moja, na kompyuta ikatii, maana haina akili ya kukataa ujinga. Kisha akapeleka makala bila kuisoma. Hata wizi wake hakuwa na nguvu za kuusoma!

"Ni coquille," alisema CT. "Kosa ya ule mwenye aliandika ku machine."

"CT," Jokébed aliuliza, "mulikuwa munakaa ku parking gani?"

"Mais... ya hapa. Ya Butembo."

"Na magari ya kuingia ilikuwa inatoka wapi?"

CT alifuta jasho shingoni. Profesa Maliro aligonga meza, akasema jury inaenda kujadiliana.

Walikaa huko ndani muda mrefu. Nje, wanafunzi walimpongeza Jokébed, wakimwambia yameisha, CT ameanguka, nani atamwokoa sasa? Naye aliamini. Kumbe ndani hawakuwa wakijadili nani ameiba, maana hilo wote walilijua tayari. Waliporudi, Profesa Maliro hakumtazama usoni.

"Mademoiselle, ulijitetea muzuri. Tunakupatia distinction. Lakini revue ilishatoka, ilishafika mpaka Kinshasa, hatuwezi kuirudisha. Chuo haiwezi kujitia haya. Donc, mbele ya dépôt, mbele ya kuleta kazi kwa katibu, utamuciter CT, utamunukuu, kila fasi kazi yako inafanana na article yake. Yeye alitoka wa kwanza. Bila ile, hakuna diplôme."

Asiyejua huwa na kisingizio. Hawa walijua, mmoja wao alicheka kwa leso mdomoni, na bado waliketi wakatafuta njia nzuri ya kuufunika uozo. Jambo hilo lilimchukiza Jokébed kuliko wizi wenyewe. Na CT alimfuata mpaka kwenye korido, akamwekea mkono begani.

"Usikasirike, mutoto yangu. Mu science tunasaidianaka."

Jokébed aliuondoa ule mkono kwa vidole viwili.

Kesho yake alishuka Beni, akamkuta mama yake kibandani. Akamsimulia yote, akingoja mama awake moto. Mama Orpa alisikiliza huku akipanga kabichi zake, kisha akasema:

"Andika."

"Mama!"

"Banakuomba jina, hapana damu. Uandike jina yake, ulete diplôme. Sisi tunafanyaka je na kabichi yenye kuoza? Tunabandula, tunabeba ya ndani."

"Lakini yangu haikukuwa na uozo, mama. Ni yeye aliutia."

Mama Orpa alimkumbatia tu, na mikono yake ilinuka kabichi. Jokébed alikaa naye mpaka soko likafungwa, akiwa na hasira na CT, na profesa, na kidogo na mama yake pia, kwa sababu alijua kwamba mama alisema vile watu wote wema wangesema. Mezeni, muendelee. Ndivyo wanavyosema, na ndiyo maana watu kama CT hunenepa.

Aliporudi Butembo, alifungua mémoire yake na kuanza kumnukuu CT Onésime. Alimnukuu kwa uaminifu wote. Na nukuu, kila aliyesoma kazi ya kuandika vitabu anajua, haiguswi: unaichukua neno kwa neno, unaifunga kwa alama zake, unaweka ukurasa wake. Yeye aliandika kuhusu barabara ya Beni na Butembo kwa maneno yake, na kila mahali kazi ilipofanana, chini yake aliweka maneno ya mkubwa wake vile yalivyo, pamoja na jina kamili; ile barabara ya kutoka Butembo hadi Butembo ikaangukia ukurasa wa thelathini na nne. Akachapisha, akafunga kwa jalada gumu, akapeleka pamoja na nakala ya USB. Katibu akapiga mhuri bila kufungua, akabaki na nakala za chuo.

Baada ya siku chache alikwenda kuchukua karatasi yake ya kuthibitisha master. Uani alikutana na CT, anang'aa, na mkononi ana ile mémoire.

"Mademoiselle! Wasingya, wasingya, asante! Uliniciter fasi mingi! Hata baprof wakubwa habaciteriwake hivi!"

"Mulisoma, CT?"

"Nilitafuta jina yangu ku machine, nikahesabu. Inatosha. Sasa commission ya promotion inakaa leo juu ya kunipandisha cheo, banataka preuve, ushuhuda, kama batu banatumikisha kazi yangu. Nitabapatia hii."

Jokébed alimtazama. Kinyaa kilimjaa, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kugeuza uso.

"Basi, CT," alisema kwa adabu yote, "mubaonyeshe kwanza ukurasa ya makumi tatu na mine. Ni pale munasema muzuri kupita."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

CT alifungua pale pale bila kusoma, akaikunja pembe ya ukurasa ili asiupoteze, akapanda ngazi mbio kuelekea ofisi ya commission.