Kompyuta ya Jikoni

Leo fundi wa simu amelehemu waya mbele yangu, na harufu ya ile risasi iliyoyeyuka imenirudisha jikoni kwetu, Homa Bay.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameacha chuo ili amuuguze Mama. Katikati ya dawa na uji, akawa anaunda kompyuta, akilehemu nyaya zake pale pale jikoni: kasha lenye vumbi kutoka saiba, duka la intaneti, iliyofungwa Migori, memori ya mtumba, na televisheni yetu kuukuu ikawa skrini. Alitaka kusomea nyumbani na kuwachapia watu kazi zao.

Siku ilipowaka, Mama aliomba abebwe akaione. Mwanga wa buluu ukamwangukia usoni.

"Nyathina, mwanangu, sasa utamaliza masomo?"

"Nitamaliza, Mama. Nitasomea hapa karibu nawe."

Mama alifariki kabla ya Sabato iliyofuata. Jamaa walitaka ratiba ya mazishi ichapwe mjini, dada akakataa. Akaketi mbele ya televisheni, akaanza kuandika maisha ya Mama. Waya ulikuwa umelegea, picha ikawa inakatika. Baba akaja, akapiga magoti sakafuni, akaushika. Aliushikilia hivyo hivyo, akisoma kila sentensi ilivyotokea.