Sarafu za Kola

Pale Namanga, upande wa Tanzania, msichana wa dirisha la kubadilisha pesa aliurudisha mfuko wangu polepole, kwa vidole viwili.

"Samahani, baba. Sarafu hatupokei. Ni noti tu."

Sikujua. Nilikuwa nikienda Arusha kumzika dada yangu mchana huo, na nauli yangu yote ilikuwa mle ndani. Nilimweleza kwamba nimechangiwa na akina mama wa kanisa letu huko Kola, Kenya, na kwetu mchango huja kwa sarafu. Akainamisha kichwa. Nikabaki nimesimama, nikiomba kimoyomoyo.

Nyuma yangu alikuwa dereva wa lori, ameshika noti za Tanzania.

"Mzee, uko na ngapi hapo?"

"Elfu mbili na mia tatu."

"Mimi narudi huko kwenu Kenya, Mlolongo. Leta hizo."

Aliangalia bei dirishani, akanihesabia noti zake, kisha akautia mfuko kwapani bila kuufungua.

"Huhesabu?" nikamuuliza.

"Wamama wa kanisa washahesabu mara tatu na wakabishana. Mimi ni nani nirudie?"

Hata yule msichana alicheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nipate habari za msiba.

Akina mama wetu hawajui kwamba sarafu hazivuki mpaka, na sina haja ya kuwaambia. Jumapili niliposimama kuwashukuru, nilisema tu kwamba nilifika kaburi likiwa wazi, nikatia udongo kwa mkono wangu.