Kali au Kidogo?

Wiki iliyopita, katika ofisi moja hapa Naguru, nilisimama kwenye foleni nyuma ya mama aliyevaa sare ya polisi na binti yake, mwanamke mzima mwenye hedifoni kubwa za kuzuia kelele. Walikuja kumwandikisha binti kama mtu mwenye usonji.

"Usonji yake ni kali ama kidogo?" karani aliuliza, akimtazama mama.

"Andika kidogo, ssebo. Anafanya kazi sokoni Kikuubo, stoo yote iko kichwani mwake."

"Usiandike," binti alisema, macho yakiwa mezani. "Wakisoma kidogo, wananiambia nivue hizi. Wakisoma kali, wanamuuliza mama."

Mimi nimejaza fomu tangu ujana wangu, na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza mimi ni mtu kwa kiwango gani.

Karani alijikuna shingo kwa kalamu, kisha akamgeuzia binti ile fomu. Naye akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: USONJI. MNIULIZE MIMI. Karani alisoma mara mbili, akagonga muhuri.

Halafu mazoea yakamrudia, akamgeukia mama. "Afande, anaweza kuchukua kadi Jumatano?"

Mama aliweka kidole juu ya yale maneno kwenye fomu.

Karani akacheka. "Pole. Dada, Jumatano?"

"Alhamisi. Jumatano tunapokea mzigo."

Mama alinigeukia, akaninong'oneza: "Mimi ningesema Jumatano ni sawa."